Tyhmä, hölmö, urpo: Wafini wanavyoitana wajinga

Anayejifunza Kifini darasani hupewa neno moja tu la ujinga, tyhmä, kisha mwalimu husonga mbele kwenye nauli za basi na majina ya mboga. Akitoka nje anakuta watu wanaitana hölmö, hupsu, pöljä, urpo, uuno, torvi, tollo, tolvana, tomppeli, pölvästi, ääliö. Anafungua kamusi, na kamusi inamjibu karibu yote kwa neno lile lile: mjinga. Haidanganyi, lakini haimsaidii. Katika orodha hiyo kuna neno ambalo mke humwambia mumewe huku akimfunga skafu shingoni, na kuna neno ambalo ukimtamkia mwenzako kazini mtaacha kula meza moja.

Kwa hiyo kazi hapa si kukariri orodha. Kazi ni kupima uzito: neno linamlenga nani, linasemwa na nani, na linagusa kitendo cha mtu au linamgusa mtu mwenyewe. Msemaji wa Kiswahili hapaswi kushangaa. Nasi tuna mjinga, mpumbavu, juha, bwege, zuzu, boya, punguani, na hakuna aliyetuketisha darasani kutueleza kwamba "we bwege nini" ya rafiki kijiweni si "mpumbavu wewe" ya baba aliyekasirika. Tulilijua hilo kwa kuishi nalo. Kifini tunakijia ukubwani, ndiyo maana inabidi tufafanuliwe.

Mtego wa kwanza uko kwenye neno la kwanza kabisa. Mjinga kwa Kiswahili, kwa asili yake, ni asiyejua. Nyerere alipotaja ujinga, umaskini na maradhi kuwa maadui wa taifa hakuwa akiwatukana wananchi. Alikuwa akizungumzia watu ambao hawajapata elimu, na dawa yake ilikuwa madarasa ya watu wazima. Ndiyo maana mzee anaweza kusema "mimi mjinga wa mambo ya kompyuta" bila kujivunjia heshima. Tyhmä haiko hivyo. Tyhmä inagusa akili yenyewe, uwezo wa kuelewa, na iko karibu zaidi na mpumbavu wetu. Ukitaka kusema hujui jambo, Kifini kina njia zake: en tiedä, sijui; en osaa, siwezi au sijui kufanya. Mtu asiye na habari ya jambo ni tietämätön, kwa maana ya asiyejua. Ukimwambia Mfini kwamba wewe ni tyhmä kwa mambo ya kompyuta, atakuonea huruma mahali ambapo huruma haikuhitajika.

Hata hivyo neno hilo zito lina milango laini. Mfini mwenye haya, nao si wachache, huanza swali lake mkutanini kwa "Tyhmä kysymys, mutta...", yaani swali hili ni la kijinga, lakini niruhusuni. Mara nyingi linalofuata ndilo swali ambalo kila mtu alikuwa akiogopa kuliuliza. Wana na methali ya kuwatia moyo waulizaji, "Ei kysyvä tieltä eksy", anayeuliza hapotei njia, ndugu wa "kuuliza si ujinga" yetu. Na mtoto wa Kifini aliyenyimwa peremende hupiga kelele "Äiti on tyhmä!" Hasemi kwamba mama yake hana akili. Anasema mama ni mbaya, mama hafai leo. Watoto hulitumia neno hilo kwa chochote kisichowapendeza, kuanzia viatu hadi mvua.

Jirani wa tyhmä ni typerä. Wafini wenyewe huyachanganya, ila typerä hupenda zaidi kukaa na vitendo na vitu: typerä virhe ni kosa la kijinga, typerä sääntö ni kanuni isiyo na maana. Kwa mgeni hili lina faida kubwa. Ukisema kanuni ni typerä, hujamgusa mtu. Ukisema aliyeitunga ni typerä, umeanzisha ugomvi na ofisi.

Upande wa upole

Hölmö ndilo neno ambalo mgeni angeanza nalo. Lina ujinga ndani yake, lakini ni ujinga wa kuchekesha. "Voi mua hölmöä!" mtu hujiambia akigundua amefunga mlango na funguo ziko ndani, ole wangu mimi mjinga. Hupsu na höpsö ni laini zaidi, maneno ya wapenzi, ya bibi kwa mjukuu, ya mtu kwa paka wake. Ukiitwa hupsu, pengine unapendwa. Lakini usiteleze ukasema höperö, maana hilo ni la mzee ambaye akili zimeanza kumpotea kwa umri, na halichekeshi nyumbani kwa mwenye mgonjwa.

Hölmö lina hata kijiji chake. Katika hadithi za kale za Kifini kuna Hölmölä, na wakazi wake huitwa hölmöläiset. Hawa walijenga nyumba wakasahau madirisha, kisha wakatoka na magunia kujaza mwanga wa jua ili waubebe ndani. Blanketi lao lilipokuwa fupi upande mmoja, walikata kipande upande mwingine wakakishonea pale palipopungua. Hadithi hiyo ya blanketi bado inafanya kazi kila msimu wa bajeti. Serikali ikitoa pesa kwenye hospitali kuziba pengo la shule, wapinzani hawakosi kusema hili ni blanketi la hölmöläiset. Asiyejua hadithi atakaa mbele ya televisheni akijiuliza blanketi limeingiaje bungeni.

Pöljä nayo ni ya upole kiasi, ina harufu ya kijijini. Swali "Ootko sä ihan pöljä?", hivi wewe ni mjinga kabisa, likitoka kwa rafiki ni utani wenye kofi dogo. Na kuna kijiji halisi kiitwacho Pöljä, katika wilaya ya Siilinjärvi kaskazini ya mji wa Kuopio. Kibao cha barabarani kipo, na watu wanaishi huko kama wengine.

Majina ya babu zao

Hapa ndipo Kifini kinaponivutia zaidi. Urpo, uuno na tauno ni majina ya wanaume. Kuna wazee waliobatizwa hivyo, wakasoma, wakaoa, wakalipa kodi, na uzeeni wakakuta majina yao yamegeuka matusi ya vijana. Uuno lilikuwa jina la kawaida kabisa mwanzoni mwa karne iliyopita: mshairi Uuno Kailas alizaliwa 1901, mtunzi wa muziki Uuno Klami mwaka mmoja kabla yake. Leo ni vigumu kulitamka bila mtu kukumbuka Uuno Turhapuro, mhusika wa vichekesho aliyebuniwa na Spede Pasanen na kuigizwa na Vesa-Matti Loiri, mwanamume mvivu mwenye pengo la meno na fulana ya matundu, anayemaliza chakula kwenye jokofu. Filamu yake ya kwanza ilitoka 1973, zikafuata nyingi.

Urpo ndilo lenye nguvu sasa. "Mikä urpo!" utasikia dereva akisema mtu anapompita vibaya, na hapo hakuna upole. Katika maandishi tofauti iko kwenye herufi ya kwanza tu: Urpo kwa herufi kubwa ni mtu, urpo kwa ndogo ni mjinga. Kwenye simu, ambako wengi hawajisumbui na herufi kubwa, hata tofauti hiyo inapotea. Na usilichanganye na Urho, ambalo maana yake ni shujaa. Urho Kekkonen alikuwa rais wa Ufini kuanzia 1956 hadi 1982, na herufi moja ikikuponyoka utakuwa umesema jambo jingine kabisa mbele ya mzee wa Kifini.

Vitu na wanyama wana zamu yao pia. Torvi ni tarumbeta, nuija ni rungu (na ndilo jina la nyundo anayogonga mwenyekiti wa kikao), pönttö ni kisanduku kama kile cha kutagia ndege, puupää ni kichwa cha mti. Zote humwangukia mtu aliyefanya upuuzi. Mtu anaweza kuwa mjinga kama buti, tyhmä kuin saapas. Punda wanaye, aasi, kama sisi; na kondoo dume, pässi. Ila wa kushangaza ni bundi. Pwani kwetu bundi akilia juu ya paa watu hunyamaza, maana ameleta habari mbaya. Kwa Wafini, pöllö ni bundi na pia ni jambo la kipuuzi: wazo la pöllö ni wazo lisilo na kichwa wala miguu. Kisha wanageuza: "ei pöllömpi", si la kibundi zaidi, ni sifa. Mfini akionja pilau yako akasema hivyo, ameipenda. Vivyo hivyo "ei hullumpi", kutoka hullu, kichaa. Kusifu kwa kukanusha ubaya ni tabia ya nchi hiyo, na mpishi mgeni anaweza kununa bure.

Na kama kusifu kwa kukanusha hakutoshi kuchanganya, kuna maneno ya kukosa akili ambayo hayatukani kabisa. Kifini kina kiambishi -ton au -tön, ambacho hufanya kazi ya "bila" yetu. Äly ni akili, älytön ni bila akili. Mieli ni nia au moyo wa kufikiri, mieletön ni asiye nao. Ungetarajia matusi makali. Lakini "älyttömän hyvä" ni nzuri kupita kiasi, na "Mieletöntä!" ni kelele ya furaha timu ikifunga bao. Järjetön, bila busara, hukaa vizuri na bei: järjettömän kallis, ghali hadi inaudhi. Kanuni ninayoweza kukupa ni hii: neno hilo likisimama mbele ya sifa nyingine kwa umbo la -ttoman au -ttömän, linaongeza ukali tu, halimtukani mtu. Likisimama peke yake, sikiliza sauti ya msemaji.

Maneno yaliyotoka hospitalini

Fungu hili mgeni alielewe na kuliacha. Idiootti Wafini wanalo kama lugha nyingi za Ulaya, na limechakaa kiasi kwamba wengi hawakumbuki lilikuwa neno la madaktari. Tylsämielinen, mwenye akili butu, limetoka kwenye sheria. Sheria ya ndoa ya 1929 ilimkataza aliyewekwa kundi hilo kuoa au kuolewa, na sheria ya 1935 iliruhusu watu kama yeye wafungwe kizazi bila ridhaa yao. Mambo hayo yaliendelea kwa miongo kadhaa, hadi sheria mpya ya 1970. Vajaamielinen, mwenye akili pungufu, lilikuwa bado neno rasmi katika sheria ya huduma ya 1958. Ile ya 1977 ikaja na kehitysvammainen, mwenye ulemavu wa ukuaji, linalotumika hadi leo.

Kila neno rasmi lilipotoka ofisini liliokotwa barabarani. Vajaa, yaani pungufu, bado ni tusi, na vajakki ni mtoto wake wa mtaani. Mswahili hatapata shida kulielewa, kwa kuwa punguani nalo limetoka kwenye kupungua. Vijana hutupiana pia vammainen, mlemavu, kama sisi tunavyotupiana taahira na zezeta bila kufikiri nani anasikia. Mgeni akitumia haya hana kinga ya utani. Watu watadhani anamaanisha.

Kuna njia nyingine ya kusema hayo bila neno hata moja la matusi, nayo ni kuhesabu kilichopungua. Mojawapo ya misemo maarufu ni "Ei ole kaikki muumit laaksossa", Muumi wote hawamo bondeni. Muumi ni viumbe wanene weupe wa Tove Jansson, aliyeandika kwa Kiswidi, kitabu cha kwanza kikatoka 1945; wanaishi bondeni pamoja, na mtu ambaye wake hawajatimia, akili yake nayo haijatimia. Asiyeelewa haraka huambiwa si penseli yenye ncha kali kuliko zote mkebeni, au kwamba hakuvumbua baruti, ei ole mikään ruudinkeksijä. Hizi unaweza kuzisema juu ya mtu asiyekuwepo, kwa sauti ya kawaida, na wote wakacheka. Ukimwambia usoni, ni matusi kama mengine.

Jinsi yanavyofungwa kwenye sentensi

Kifini cha vitabuni na cha mdomoni ni karibu lugha mbili, na matusi yanaishi kwenye cha mdomoni. Sinä olet, wewe ni, hutamkwa sä oot. Minä olen huwa mä oon. Ukimwambia mtu "Sinä olet urpo" kwa ukamilifu wote, atacheka kabla hajakasirika, maana umemtukana kwa lugha ya taarifa ya habari. Wanaosema watasema "Sä oot ihan urpo", na hiyo ihan ni "kabisa" au "tu", inategemea.

Kumwita mtu kwa tusi, tumia senkin mbele yake: "Senkin hölmö!" ni kama "mjinga we!" Senkin haina kazi nyingine ya maana hapo, ni ngumi inayotangulia. Kitenzi cha kutukana ni haukkua, ambacho kwanza ni kubweka kwa mbwa, na tusi hufungwa kwa -ksi mwishoni: haukkua tyhmäksi, kumwita mtu mjinga. Kumdhania mtu mjinga huchukua -na au -nä: "Pidätkö mua tyhmänä?", unaniona mjinga? Sentensi hiyo ni ya kujua, kwa sababu ukiisikia mazungumzo yameshaharibika.

Karibu kila mjinga ana kitenzi chake. Hölmö huzaa hölmöillä, kufanya ujinga. Urpo huzaa urpoilla. Pelle, mchekeshaji wa sarakasi, huzaa pelleillä, kuleta utani mahali pasipo na utani. "Älä pelleile", acha mchezo, ni maneno ya mwalimu na ya polisi. Tazama miisho: -illa kwa urpo, -illä kwa hölmö. Katika neno la asili la Kifini irabu a, o, u hazikai pamoja na ä, ö, y, na miisho hufuata kambi ya neno.

Irabu hizo ndizo zinazotutoa jasho. Kwa y, weka ulimi kama unasema i na midomo kama unasema u. Kwa ö, ulimi wa e na midomo ya o. Ä ni a iliyosogea mbele hadi inakaribia e. Wafini wana sentensi ya kuzifanyia mazoezi, na kwa bahati njema ni ya somo letu: "Ääliö, älä lyö, ööliä läikkyy!" Mjinga we, usipige, bia inamwagika. Ukiweza hiyo bila kupumzika, midomo yako imekubali. Kumbuka pia kwamba mkazo wa Kifini uko silabi ya kwanza daima, wakati wetu uko ya pili kutoka mwisho. Tolvana ni TOL-vana. Ukisema tol-VA-na, ngumi yako imepiga hewa.

Vijana wa Helsinki wana yao, kama dorka. Herufi d mwanzoni ni dalili ya neno la mjini au la kukopa, kwa kuwa Kifini cha asili hakikuanza maneno kwa b, d wala g. Haya hubadilika haraka, na mtu mzima anayeyafukuzia huchekesha, Mfini au mgeni.

Kwa mtu anayeanza, ushauri wangu ni ajitukane mwenyewe kwanza. Wafini hujitukana kwa ukarimu mkubwa, na mgeni anayejiunga hupendwa. Tumpelo ni asiye na mikono ya kazi, anayeangusha kila kitu. Tunari ni anayevuruga. "Mä oon ihan tumpelo", mikono yangu haifai kitu, ni sentensi nzuri ya jikoni au ya siku ya kwanza kiwandani. Ukiharibu jambo, sema "Mä mokasin" au "Mä tyrin", nimeboronga. Ni afadhali kuliko kujiita tyhmä, kwa sababu umekilaumu kitendo ukaiacha akili yako salama. Na ujifunze kuisikia kejeli: "No sepä oli fiksua", hilo lilikuwa jambo la akili kweli, mara nyingi lina maana kinyume. Mfini haongezi sauti wala hakunji uso anapoisema, basi tazama kilichomwagika sakafuni.

Kuhusu kuwatukana wengine, sheria ipo. Sura ya 24 ya sheria ya jinai ya Ufini inatambua kosa la kunnianloukkaus, kumvunjia mtu heshima; adhabu ni faini, na likiwa zito, faini au kifungo hadi miaka miwili. Urpo moja ya barabarani haitakufikisha mahakamani. Kumwandika mtu hadharani kwa jina lake, mara kwa mara, ni jambo jingine.

Na wewe ukiitwa? Jibu la watoto, ambalo watu wazima hulitumia kwa utani, ni maneno mawili: "Ite oot." Wewe mwenyewe ndiye.